Waziri Mkuu wa Kidole Gumba: Maisha ya Mzee Horacio Belmonte, 1938–2008

Padre wetu, Bi Inés Carranza uliyevuka bahari kutufikia, jumuiya, wafanyakazi wa machimbo ya mawe, wanafunzi wa ngumbaru wa zamani na wa sasa, majirani wa Kitengela na wageni wetu kutoka Kajiado, leo Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2008 familia imemtuma Ndeti, ndugu mdogo wa mjane na shemeji ya marehemu, awasomee safari ya mtu huyu, na imemwonya asiongeze chumvi, naye ameahidi kujaribu.

Kabla ya yote, wengi mmefungua programu mkaona ukurasa wa tatu, palipoandikwa mahali pa mazishi, pako wazi kabisa, na kuna waliokwisha kumlaumu mpiga chapa, jamani mwacheni, hana kosa. Kaburi limechimbwa tangu Alhamisi pale nyuma ya nyumba, lakini serikali ya nchi aliyozaliwa Mzee imemtuma Bi Inés aombe mwili, akazikwe kwao kwenye makaburi ya mashujaa, kwa mizinga ishirini na moja, na watoto wake wawili wasomeshwe huko bure mpaka chuo kikuu. Aliyeachiwa uamuzi ni mjane, dada yetu Mukonyo, na programu zilipoenda kupigwa chapa alikuwa bado hajui la kufanya. Jibu lake amelitoa leo asubuhi na litasomwa mahali pake, kwa hivyo tulieni, msianze kumnong'oneza.

Mzee Horacio Belmonte alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika kijiji cha wapasua mawe, kwenye nchi ndogo ya Amerika ya Kusini ambayo yeye mwenyewe aliomba isitajwe siku ya mazishi yake, kwa sababu, alivyosema, nchi haikukosa, aliyekosa ni yeye, na hakutaka watoto wa Kitengela waijue kwa hilo moja tu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Anselmo Belmonte, mpasua mawe, na marehemu Rufina, aliyewauzia wachimbaji uji wa mahindi. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1945 hadi 1951, akipasua kokoto kila akitoka darasani, kisha mapadre wakamchukua shule ya upili kuanzia 1952 hadi 1956, na mnamo Januari 1957 machimbo yale yale yakamwajiri karani, si kwa lingine ila kwa mwandiko wake, ambao ulikuwa mzuri mpaka meneja akawa anamwita aandike kadi za harusi za binti zake.

Mwaka wa 1961 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa mawe, mwaka wa 1970 akaingia bungeni, mwaka wa 1979 akawa waziri wa ujenzi, na tarehe 3 Februari 1988, akiwa na umri wa miaka karibu hamsini, mtoto wa muuza uji akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Mkewe wa kwanza, marehemu Dolores, alikuwa amefariki tarehe 19 Mei 1984 bila kumwachia mtoto, basi Mzee alihamia kwenye ile nyumba kubwa ya serikali na sanduku moja na paka, akala jikoni pamoja na wapishi. Katika miezi kumi na sita aliyokaa madarakani alipeleka maji kwenye wilaya nne zilizokuwa zikinywa mtoni, akafungua shule mia moja na kumi, akapitisha sheria kwamba mpasua mawe akiugua kifua alipwe kana kwamba yuko kazini, na Bi Inés ametuambia sheria hiyo iko mpaka leo na watu wa huko wanaiita kwa jina lake. Sisi hapa tulimjua kwa shati lililopauka na viatu vya mpira, kwa hivyo ni vizuri tusikie.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wangeruka, na familia imekataa kuruka, maana Mzee mwenyewe hakuwahi kuruka. Mnamo Juni 1989 wapasua mawe wa wilaya aliyozaliwa waligoma wakafunga daraja, na jioni ya tarehe 9 majenerali walimletea karatasi, wakamwambia ni amri ya kufungua daraja tu, naye alikuwa amechoka, wageni wa chakula cha jioni wanamngoja, gari linanguruma nje, akasoma ukurasa wa kwanza, akaweka sahihi yake nzuri chini ya ukurasa wa pili bila kuusoma. Ukurasa ule wa pili uliruhusu risasi. Kesho yake, tarehe 10 Juni, watu tisa waliuawa darajani, watatu kati yao alikuwa amesoma nao, na jeshi likapakia miili kwenye lori likaenda kuizika lilikojua lenyewe, mpaka leo hakuna mama aliyeonyeshwa kaburi.

Tarehe 12 Juni 1989 alienda redioni, akasoma majina ya wale tisa moja baada ya jingine, akasema sahihi ni yangu na mkono ni wangu, akajiuzulu hapo hapo. Angeweza kuwasukumia majenerali lawama, na waliokuwa karibu naye walimsihi awasukumie, lakini alikataa katakata, na kwa kuwa alikataa kunyamaza pia, wanajeshi walichukua serikali wiki iliyofuata wakamfungia ndani ya nyumba ya dada yake kwa miaka mitatu. Mapadre ndio waliomtorosha, na kwa kuwa mmoja wa wenzao alikuwa akihudumu Kajiado, Mzee alitua Nairobi tarehe 21 Agosti 1992, akapelekwa Kajiado siku hiyo hiyo, na kwa miezi mitano akawa fundi wa tangi la maji la misheni, akijifunza kusalimu kwa Kimaasai, sopa, na kujibiwa epa, kwenye soko la mifugo, huku watu wakishindwa kukata shauri kama ni Mwarabu ama ni Mzungu aliyesahauliwa juani.

Januari 1993 alisikia Kitengela kuna machimbo ya mawe, akapanda gari akaja, na tarehe 18 mwezi huo Bwana Irungu, mwenye machimbo, ambaye yuko nasi hapa mbele na amekubali tumtaje, alimwona mzee wa miaka hamsini na minne akichukua nyundo na tindo ya mtu mwingine, akilisikiliza jiwe kwa kuligonga, kisha akilipasua kwa pigo moja mahali lilipotaka kupasuka. Akamwandika kazi papo hapo. Lakini ilipofika kuandika jina kwenye orodha ya mahudhurio, mgeni alikataa kalamu, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi, na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Hapo ndipo Kitengela nzima ilipoingia mkenge. Irungu alimhurumia kutoka moyoni, akasema maskini, kumbe huko ng'ambo nako kuna wasiojua kusoma, akamshika mkono mwenyewe, akampeleka darasa la ngumbaru kwenye ukumbi wa kanisa, akamkabidhi kwa Mwalimu Mukonyo na kumwomba amwanzie na irabu. Waziri Mkuu mzima, mtu aliyehutubia mabunge, akakaa kwenye benchi la mbele katikati ya mama wauza sukuma wiki na wazee wa Kimaasai, akaimba a-e-i-o-u na wenzake kwa mihula miwili, na hakumsahihisha mtu. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza kama anajua kusoma, walimuuliza kama anataka kujifunza Kiswahili, na kweli alikuwa anataka.

Mwalimu Mukonyo hakuwa mjinga, alianza kushuku mapema, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa akilia machozi kwenye somo la kuandika jina na kucheka kwenye hesabu, na siku moja mwezi wa Novemba 1993 aliona kitabu chake cha mazoezi kimejaa kurasa sita za Kihispania, mwandiko umenyooka kuliko wa mwalimu. Alimbakiza baada ya darasa, akamwambia wazi kwamba kama amekuja kumchezea shere atafute ukumbi mwingine, ndipo Mzee akamweleza daraja, lori na ule ukurasa wa pili, na akamwambia ameapa hataweka sahihi tena chini ya karatasi yoyote mpaka wale tisa wapatikane. Zile kurasa sita zilikuwa barua kwa serikali ya kwao kuuliza wako wapi. Mukonyo ametuambia kwamba alimpenda siku hiyo, na anasema hivyo bila kuona haya, kwa kuwa alikuwa amewahi kukutana na wanaume wengi wenye sababu za kujitetea, na huyo alikuwa wa kwanza kukutana naye bila hata moja.

Alipokuja kuposa nyumbani kwetu, wazee walimtajia mbuzi na asali, na kwa haraka ya mtu wa serikali akaleta kila kitu kwa siku moja, mpaka blanketi za akina mama, akasimama akauliza kama sasa yamekwisha. Loo! Baba yetu marehemu Masila alinuna wiki nzima, akisema mkwe anayetaka kumaliza mahari anataka kumaliza ujamaa, ikabidi Ndeti huyu huyu arudishwe Kitengela na mbuzi wawili ili mkwe apate cha kuleta tena mwaka ujao. Mzee alielewa, akacheka sana, na tangu hapo alihakikisha kuna kitu kidogo hakijafika, hata mwaka huu kuna debe moja la asali ambalo wajomba walikuwa wakimchokoza nalo.

Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 22 Aprili 1995, na kwenye kitabu cha ndoa bwana harusi akaweka kidole, umati ukaangua kicheko kwamba mwalimu ameolewa na mwanafunzi aliyeanguka mtihani, naye Mukonyo, ambaye alijua kila kitu, akaacha watu wacheke. Mungu aliwajalia watoto wawili, Roy, aliyezaliwa tarehe 7 Julai 1996, na Mbeke, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1999, na Mzee, ambaye alikuwa amekata tamaa ya kuitwa baba, alikuwa akiwabeba wote wawili mabegani kwenda machimboni akiwatambulisha kwa kila dereva wa lori.

Mnamo Oktoba 1999 wafanyakazi wa machimbo waligoma, kwa kuwa watu watatu walikuwa wameumizwa na mwamba uliolegea na hakuna aliyewashughulikia, wakapanga mawe barabarani, lori zikakwama siku nne. Bwana Irungu, na anatikisa kichwa hapo, mnamwona, alikuwa na hasira, akaandikisha barua ya kuita askari waje kuwatimua, na kwa kuwa Mzee alikuwa amekwisha kupandishwa kuwa mnyapara ilitakiwa alama yake pia, akaletewa wino. Akausukuma kando. Irungu akafikiri hajaelewa, akamsomea tena polepole, na hapo mbele ya wagomaji wote mnyapara aliichukua ile barua mkononi mwake, akaisoma kwa sauti tangu juu mpaka chini, mbele na nyuma, kwa Kiswahili cha ngumbaru kisicho na kasoro.

Kisha akapanda juu ya mawe yao, akawaambia yeye alikuwa nani, alifanya nini, na ni kina nani walikufa, akaeleza kwamba kuna karatasi ambazo ukishazitia alama haziwezi kurudi, akamgeukia mwajiri wake akamwomba, kwa heshima zote, aende naye kuutazama ule mwamba kwanza. Wengine walidhani amechanganyikiwa na jua, lakini Irungu alivua kofia akamfuata, walitazama mwamba saa nzima, na kufikia Ijumaa tarehe 22 Oktoba ngazi za kushukia zilikuwa zimejengwa, majeruhi wamepelekwa hospitali, na barabara imefunguliwa na wale wale walioifunga. Irungu ametuambia tuseme kwamba kama angeachwa na hasira zake siku ile, leo asingekuwa na uso wa kukaa mbele ya watu, na familia inamshukuru kwa ukweli huo.

Tangu siku hiyo aliitwa Waziri na kila mtu, wengine kwa heshima na wengine kwa utani, na mwezi wa Aprili mwaka huu, Kenya ilipopata Waziri Mkuu, vijana wa boda boda walikuja mpaka mlangoni wakamuuliza huyo mtu kazi yake hasa ni nini. Aliwaza, akakohoa, akawajibu kwamba kazi yake ni kusoma ukurasa wa pili.

Kila mwaka, tarehe 10 Juni, aliandika barua ile ile kwa serikali ya kwao, akaweka kidole chini yake, Mukonyo akaipeleka posta, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyejibu. Mwaka wa 2006, serikali mpya ilipoingia huko, jibu lilifika, bahasha nene yenye muhuri, ikimwita nyumbani kama shujaa aliyewakana majenerali, ikimpa nyumba na malipo ya uzeeni, na kwenye fomu kulikuwa na mstari wa sahihi. Mzee alisoma kurasa zote kumi na moja, akatafuta neno moja juu ya wale tisa, hakuliona, akairudisha fomu ikiwa safi, pamoja na barua fupi ya kusema kwamba yeye anajulikana aliko, waanze na wasiojulikana waliko.

Ugonjwa wake ulianza Machi 2005 kwa kikohozi kikavu, Sista Naserian wa zahanati akamsikiliza kifua mara moja tu akamtuma apigwe picha, ikaonekana vumbi la mawe, la kule na la hapa, limejaa kwenye mapafu. Alipelekwa hospitali ya Kajiado mara tatu na Nairobi mara mbili, na kuanzia Julai mwaka huu alikuwa akitumia hewa ya mtungi, lakini aliendelea kwenda ngumbaru, sasa akiwa msaidizi wa mwalimu, mpaka tarehe 12 Septemba. Mukonyo alimuuliza akiwa bado ana pumzi ya kutosha azikwe wapi, naye akamjibu kwamba alishaamulia watu wengine vya kutosha katika maisha yake, hili aliamue mkewe. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 28 Septemba 2008, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ndugu zangu, msidhani uamuzi huu ulikuwa mwepesi, mwalimu wa ngumbaru ana watoto wawili wa kusomesha, na kwa siku kumi na tatu amesikia mengi, kuna waliomwambia amruhusu mume wake akapate heshima yake, kuna waliomwambia Roy atamdai siku moja, na Roy mwenyewe, miaka kumi na miwili, alimwambia mama yake kwamba angependa kusikia mizinga. Leo asubuhi Mukonyo alimkaribisha Bi Inés jikoni, akamwekea chai, akamuuliza swali moja tu, wale tisa wako wapi. Bi Inés ni mtu mwema na hakudanganya, alisema hajui, akasema tume ya kuwatafuta imeahidiwa lakini haijaanza, akalia, na Mukonyo akalia naye, kisha akamwambia kwamba mume wake hatalazwa na heshima kabla yao.

Kwa hivyo chukueni kalamu, wenye programu, mjaze ule ukurasa wa tatu, atazikwa hapa Kitengela, nyumbani kwake, baada ya sala hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kajiado na Nairobi, Sista Naserian aliyekuwa akija kwa miguu kila siku kubadilisha mtungi, jumuiya iliyopika na kuchota maji, mapadre waliomtorosha na waliompokea, na Bi Inés, ambaye ameomba kubaki mpaka mwisho ingawa anarudi mikono mitupu. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa machimbo, waliochonga mawe mia mbili kwa mikono, wala si kwa mashine, na Bwana Irungu aliyeyaleta jana na saruji na vigae, ili Mzee ajengewe kaburi la kumfaa fundi, na ni kazi nzuri, wote tumeiona.

Lakini mafundi, tunawaomba msamaha, Mukonyo amesema yapakieni tena, hakutakuwa na jiwe wala saruji, ni udongo mtupu na msalaba wa mbao. Wazee wa ukoo walishtuka aliposema sababu, maana kumfukua mtu kwetu ni jambo la kutisha hata kulitamka, yeye akasimama imara, akasema siku ile watu wa kule watakapoandika kwamba wale tisa wamepatikana na wamezikwa na mama zao, yeye na Roy na Mbeke watashika majembe wenyewe, wamtoe, wampeleke akalale miguuni pao, na hataki siku hiyo mtu aanze kuhangaika na nyundo.

Mzee Horacio, mume wa Mukonyo, baba wa Roy na Mbeke, shemeji yangu niliyekuwa nikimtania naye akinitania, pumzika kwa amani, kwa sasa.